Waliobeba Mitungi

Usiku wa tarehe 30 Julai 1954, wanaume wawili walikaa bega kwa bega juu ya kijukwaa cha barafu walichokichonga wenyewe kwenye mteremko wa K2, mlima wa pili kwa urefu duniani. Walikuwa kwenye kimo cha karibu mita 8,100. Kwa sisi tuliozoea kupima milima yote kwa Kilimanjaro, hapo ni zaidi ya mita 2,000 juu ya kilele cha Uhuru, mahali ambapo mwili wa binadamu huanza kufa taratibu hata ukiwa umepumzika. Hawakuwa na hema wala mifuko ya kulalia. Kando yao kulikuwa na seti mbili za mitungi ya oksijeni, kila moja ikikaribia kilo 20, lakini hawakuweza kuvuta hata pumzi moja kutoka humo. Barakoa na vali vilikuwa kwa wenzao wawili waliokuwa ndani ya hema, juu yao kidogo.

Mmoja wa wanaume hao alikuwa Walter Bonatti, Muitalia wa miaka 24. Wa pili alikuwa Amir Mahdi, mtu wa Hunza, kaskazini mwa Pakistani. Hawakuwa na lugha moja wanayoielewa sawasawa. Dhoruba ilipowafikia katikati ya usiku, walipigana makofi mwilini ili damu isigande, na theluji ikaendelea kuwafukia.

Wanaoandika historia ya milima ya Alps humhesabia Bonatti kuta alizozipanda, na orodha ni ndefu. Mimi nimesoma habari zake kwa miaka mingi, na kila nikimrudia najikuta naanzia kwenye kijukwaa kile, siku ambayo hakufika kilele chochote. Siku ile alikuwa mbeba mizigo ya wengine. Mambo mengine yote makubwa ya maisha yake, na hata yale machungu, yanaeleweka vizuri mtu akishajua kilichotokea pale.

Alizaliwa Bergamo, kaskazini mwa Italia, tarehe 22 Juni 1930. Vita kuu ilimkuta mtoto na kumwacha kijana mwenye njaa katika nchi iliyoshindwa. Alipata kazi katika kiwanda cha chuma cha Sesto San Giovanni, jirani na Milano, na ilikuwa kawaida yake kutoka zamu ya usiku Jumapili asubuhi na kwenda moja kwa moja kwenye miamba ya Grigna, juu ya mji wa Lecco. Akiwa na miaka 19, yeye na wenzake maskini kama yeye walipanda ukuta wa kaskazini wa Grandes Jorasses, kwenye ule mgongo wa mwamba uitwao Walker, mojawapo ya njia ngumu kuliko zote zilizokuwa zikijulikana wakati huo. Mwaka 1951 alifungua njia mpya na Luciano Ghigo kwenye uso wa mashariki wa Grand Capucin, mnara mwekundu uliosimama wima juu ya barafu ya Mont Blanc. Italia ilipotafuta watu wa kuipeleka bendera yake juu ya K2, wakamchukua, na akawa mdogo kuliko wapandaji wote.

Msafara uliongozwa na Ardito Desio, mtaalamu wa miamba, mtu wa amri na nidhamu ya kijeshi. Waliochaguliwa kujaribu kilele walikuwa Achille Compagnoni na Lino Lacedelli. Mpango ulikuwa rahisi kuusema: hao wawili wangetangulia kupiga kambi ya tisa, ya mwisho, mahali palipokubaliwa, na Bonatti angewapelekea mitungi ya oksijeni siku hiyohiyo, kisha wangelala pamoja. Bonatti akapanda na Mahdi. Erich Abram aliwasindikiza sehemu ya njia, halafu giza likikaribia akageuka kurudi chini.

Hema halikuwepo mahali palipokubaliwa. Bonatti aliita kwa sauti yake yote. Jua lilizama. Mahdi alianza kupiga kelele za mtu aliyekata tamaa. Hatimaye mwanga wa taa ukaonekana upande wa kushoto, ng'ambo ya mteremko wa hatari ambao hakuna mtu angeuvuka gizani, na sauti ya Lacedelli ikawaambia waache mitungi na washuke. Kisha taa ikazimwa. Kushuka usiku ule, Mahdi akiwa katika hali ile, kulikuwa kifo. Ndipo Bonatti akachonga kijukwaa.

Kulipoanza kupambazuka, Mahdi aliondoka mbio kuelekea kambi ya nane. Bonatti alibaki kuifukua mitungi kutoka kwenye theluji na kuiacha wazi ionekane, halafu naye akashuka. Compagnoni na Lacedelli walikuja kuichukua, na jioni ya tarehe 31 Julai 1954 wakawa watu wa kwanza kusimama juu ya K2. Italia nzima ilisherehekea. Mahdi alipelekwa hospitali, akakatwa vidole vya miguu vilivyokufa kwa baridi.

Haya niliyoyasimulia leo yanakubaliwa na kila mtu. Kukubaliwa kwake kulichukua miaka 54.

Simulizi rasmi ya msafara iliupitia usiku ule haraka, na usiku wa Bonatti na Mahdi ukawa jambo dogo lililotokea njiani. Ilisema pia kwamba oksijeni iliwaishia washindi kabla ya kilele, na kwamba sehemu ya mwisho waliimaliza kwa mapafu yao wenyewe. Mwaka 1964, katika maadhimisho ya miaka kumi, makala za gazeti moja la Torino zilikuja na maelezo mabaya zaidi: Bonatti alitaka kuwatangulia wenzake kileleni kwa siri, aliitumia oksijeni ile usiku, na kisha akamtelekeza Mahdi. Yaani aliyebeba akawa mwizi wa alichokibeba. Bonatti alikwenda mahakamani na akashinda kesi ya kashfa. Oksijeni haivutwi bila barakoa, na barakoa hakuwa nazo. Lakini hukumu ya mahakama ilikuwa jambo moja, na historia iliyoandikwa kwenye vitabu rasmi ilikuwa jambo jingine. Ile ya vitabu haikubadilika.

Kwetu, mtu aliyedhulumiwa huwa hakosi wa kumwambia kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nimeisikia methali hii kwenye misiba, kwenye harusi, na zaidi kwenye vikao vya ukoo. Shangazi yangu aliambiwa hivyo katika kikao cha kugawana kihamba, yaani shamba la ukoo. Aliombwa asamehe kabla mtu yeyote hajataja alichofanyiwa, na wote waliokuwa wakimwomba walikuwa na haraka ya kwenda kula. Alisamehe kwa mdomo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimtazama anayeitamka methali hiyo kabla sijaipokea: je, ni aliyeumia, au ni yule ambaye ukweli ukisemwa atapoteza kitu? Kidonda kilichofunikwa bila kuoshwa kinaendelea na kazi yake chini ya kitambaa.

Bonatti aliambiwa maneno hayo kwa Kiitalia maisha yake yote. Waliompenda walimsihi aachane na K2, alikuwa na utukufu wa kutosha. Wasiompenda walimwita mtu wa kinyongo. Naelewa kwa nini. Hata mimi, nikisoma maandishi yake ya baadaye, nahisi uchungu ukiwa umekaa naye muda mrefu mno, umeingia hata mahali palipostahili furaha. Sitaki kusema kwamba haukumgharimu. Ulimgharimu marafiki, na ulimfanya awe mtu wa kujitenga. Ninachosema ni kwamba bei hiyo hakuipanga yeye. Waliosema uongo ndio walioipanga, kisha yeye akalaumiwa kwa kuilipa.

Jambo linalonivuta zaidi ni kwamba hakungoja haki ije ndipo aishi. Aliporudi kutoka Pakistani alikuwa amevunjika. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1955, akaenda peke yake kwenye mgongo wa kusini-magharibi wa Petit Dru, juu ya Chamonix, ukuta wa granite ambao hakuna aliyekuwa ameupanda. Peke yake maana yake ni hii: alipanda kipande kimoja cha kamba, akapigilia misumari ya chuma, akashuka kufungua mzigo na kung'oa misumari ya chini, kisha akapanda tena kipande kilekile huku akivuta mfuko. Kwa hiyo karibu ukuta wote aliupanda mara mbili. Mapema kabisa katika safari hiyo, msumari mmoja ulitoboa chombo cha spiriti ndani ya mfuko, na sehemu ya chakula ikaharibika. Mikono ilichubuka hadi nyama. Kwa kukosa mtu wa kuzungumza naye, akawa anazungumza na mfuko wake.

Siku ya tano alifika mahali ambapo mwamba uliokuwa juu yake ulikuwa laini, hauna ufa wa kupigilia msumari. Kurudi kulikuwa hakuwezekani tena, maana alishavuka pembeni kwa kubembea na kamba na njia ya nyuma ilikuwa imefungwa. Mbele yake, ng'ambo ya utupu, alikiona kishungi cha mawe yaliyochomoza. Akafunga mafundo mwishoni mwa kamba, akairusha pale mara nyingi, hadi mafundo yakanasa kati ya mawe. Hakuwa na njia ya kujua yamenasa vizuri kiasi gani. Aliivuta, akaivuta tena, kisha akauachia mwili wake wote kwenye kamba ile na kuning'inia juu ya mamia ya mita za hewa, akipanda kwa mikono. Tarehe 22 Agosti, siku ya sita, alifika juu.

Wengi huliita tendo lile wazimu. Mimi naliona kuwa ni namna ya kujibu. Alikuwa ameambiwa, kwa vitendo kama si kwa maneno, kwamba yeye ni mtu wa kubeba na kuachwa gizani. Pale Dru hakuwepo wa kumwachia mzigo wala wa kumzimia taa. Na alichagua kujibu kwa kazi iliyo safi: hakutumia misumari ya kutoboa mwamba kwa kekee, ile ambayo humwezesha mtu kupita popote bila kujali mwamba unasema nini. Aliikataa misumari hiyo maisha yake yote. Hoja yake ilikuwa kwamba ukiwa na chombo kinachoondoa kila lisilowezekana, basi umeondoa pia sababu ya kwenda. Wapandaji wa leo bado wanabishana juu ya hilo, na mimi si mpandaji wa kuamua. Ila naona uhusiano kati ya mtu asiyekubali njia ya mkato kwenye mwamba na mtu asiyekubali sentensi moja ya uongo ibaki kwenye kitabu. Ni tabia ileile.

Uzoefu mwingine ulimfikia mwaka 1961, na huu ni mzito kuusimulia. Julai ile, Bonatti na rafiki yake wa ujanani, Andrea Oggioni, pamoja na Roberto Gallieni, walikwenda kwenye nguzo ya kati ya Frêney, juu sana katika Mont Blanc. Njiani wakakutana na Wafaransa wanne wenye nia hiyohiyo: Pierre Mazeaud, Pierre Kohlmann, Robert Guillaume na Antoine Vieille. Wangeweza kushindana. Wakaungana. Walipobakiza sehemu fupi tu ya ukuta, dhoruba iliwashukia na kukaa siku kadhaa. Radi ilimpiga Kohlmann, aliyekuwa akivaa kifaa cha kumsaidia kusikia. Hatimaye wakaanza kushuka kupitia theluji iliyofika kifuani, Bonatti akiwa mbele anatafuta njia katika ukungu, kwa sababu ndiye pekee aliyeijua. Vieille alikufa, kisha Guillaume, kisha Oggioni, kisha Kohlmann, karibu kabisa na kibanda cha Gamba walikokuwa wakielekea. Walionusurika ni Bonatti, Gallieni na Mazeaud.

Nyumbani Italia, magazetini, wapo waliomuuliza Bonatti kwa nini yeye yu hai. Sijui kama kuna swali la kikatili zaidi kumuuliza mtu aliyetoka kumpoteza rafiki. Lakini safari hii alikuwa na kitu ambacho hakuwa nacho K2: shahidi mwenye sauti. Mazeaud alikuwa mwanasheria, mtu wa heshima kwao, ambaye baadaye alikuwa waziri na hatimaye rais wa Baraza la Katiba la Ufaransa. Alisema alichokiona. Alisema kwamba bila Bonatti wote saba wangekufa. Ufaransa ikampa Bonatti nishani yake ya Légion d'honneur, na wawili hao wakabaki marafiki hadi mwisho. Nikiliweka tukio la Frêney kando ya lile la K2, naona tofauti iliyo wazi. Ukweli wa Frêney uliokolewa mapema kwa sababu aliyeushuhudia alikuwa mtu ambaye dunia imezoea kumsikiliza. Shahidi wa K2 alikuwa mpagazi.

Mwaka 1965, karne moja tangu Matterhorn ipandwe kwa mara ya kwanza, Bonatti aliupanda ukuta wake wa kaskazini kwa njia mpya iliyonyooka, peke yake, katikati ya majira ya baridi, kuanzia tarehe 18 hadi 22 Februari. Kisha akaacha. Alikuwa na miaka 34. Akageukia kazi ya uandishi na upigaji picha katika jarida la Epoca, akazunguka dunia kwa miaka kumi na zaidi, jangwani, misituni na kwenye volkano. Hakurudi kwenye kuta kubwa kuwakumbusha watu kwamba yupo. Nawafahamu watu wachache sana wenye uwezo wa kuacha kitu wakiwa bado bora kuliko wengine wote katika kitu hicho, na sidhani kama kuna shule inayofundisha jambo hilo.

Methali yetu nyingine husema njia ya mwongo ni fupi. Natamani ingekuwa hivyo. Njia ya uongo wa K2 ilipita serikali nyingi za Italia na kuwazika wengi walioianza. Mwaka 1993, Robert Marshall, daktari wa upasuaji wa Australia aliyejifunza Kiitalia ili amsome Bonatti, aligundua katika chapisho la zamani picha zilizopigwa juu ya kilele cha K2: Compagnoni bado amevaa barakoa, mitungi ikiwa bado imebebwa hadi juu. Mtu hambebi mgongoni adui wa kilo 20 asiye na faida yoyote kwake hadi mwisho wa nguvu zake. Mwaka 2004 Lacedelli, akiwa mzee, alikubali katika kitabu chake kwamba hema lilihamishwa kwa makusudi, na kwamba Compagnoni alikuwa ndiye aliyetaka Bonatti asiwafikie. Mwaka huohuo Italia ilitaka kumpa Bonatti nishani ya juu kabisa ya Jamhuri. Aliikataa, kwa sababu Compagnoni naye alipewa. Hatimaye, mwaka 2008, chama cha wapanda milima cha Italia, Club Alpino Italiano, kilichokuwa nyuma ya msafara ule, kiliikubali rasmi simulizi ya Bonatti. Alikuwa na miaka 78.

Watu hushangaa ile nishani aliyoikataa. Wanasema, mzee wa miaka 74, angeipokea tu. Mimi naona kwamba kuipokea kungekuwa kutia saini kwamba wote wawili walitenda sawa usiku ule. Wale waliompa shangazi yangu mkono siku ile ya kikao walitaka saini ya namna hiyo.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa na upendo mwingi, na nafurahi kuuandika. Mwaka 1980 mwigizaji Rossana Podestà aliulizwa katika mahojiano angependa kukaa na nani kwenye kisiwa kisicho na watu, akamtaja Bonatti, ambaye hakuwa amewahi kukutana naye. Bonatti akamwandikia. Wakaishi pamoja miaka thelathini. Bonatti alifariki Roma tarehe 13 Septemba 2011. Podestà alieleza baadaye kwamba hospitalini alizuiwa kuwa naye katika saa za mwisho kwa sababu hawakuwa na cheti cha ndoa. Mgongo ule wa Dru, uliopewa jina lake, ulikuwa umeshaporomoka miaka sita kabla, mwaka 2005, granite yote ikashuka bondeni. Zawadi ya heshima ya maisha inayotolewa kwa wapanda milima, Piolet d'Or, alikuwa wa kwanza kuipokea, mwaka 2009, na ikabeba jina lake kwa miaka kadhaa.

Amir Mahdi yeye alirudi Hunza. Mwaka 1953, mwaka mmoja kabla ya K2, alikuwa Nanga Parbat, na alikuwa miongoni mwa waliombeba mgongoni Hermann Buhl aliposhuka kutoka kilele akiwa na vidole vilivyoganda. Alikuwa mpanda milima kamili, wa daraja la juu, ila kazi yake iliitwa upagazi. Mwanawe amesimulia kwamba viatu alivyopewa kwa ajili ya K2 vilikuwa vya kawaida vya jeshi, tena vilimbana, wakati Waitalia walikuwa na viatu maalumu vya baridi kali. Baada ya miezi mingi hospitalini aliliweka kando shoka lake la barafu na kuwaambia watu wa nyumbani kwake kwamba hataki kuliona tena. Serikali ya Italia ilimtumia cheti cha heshima. Alifariki mwaka 1999, miaka mitano kabla ya kitabu cha Lacedelli na miaka tisa kabla ya uamuzi wa Club Alpino Italiano. Hakuwa na gazeti la kulishtaki, hakuwa na daktari wa ng'ambo aliyejifunza Kiburushaski ili amsome.

Sisi tuliokulia chini ya Kilimanjaro hatuwezi kuisoma habari ya viatu vile kwa utulivu. Mjomba wangu alipanda na mizigo ya wageni akiwa amevaa raba, na sweta aliyoazima kwa jirani. Siku hizi kuna kanuni: mizigo hupimwa getini, na mpagazi hatakiwi kubeba zaidi ya kilo 20. Lipo pia shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project, pale Moshi, linalowaazima wapagazi makoti na viatu vya baridi bila malipo. Kwamba shirika la namna hiyo linahitajika bado, zaidi ya karne moja tangu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wafike kileleni mwaka 1889 na mizigo yao ikiwa imebebwa na watu wetu, ni jambo la kutukasirisha. Nakubali kwamba mambo yameendelea kuwa nafuu. Lakini nikiona picha ya mgeni juu ya Uhuru, nuru ya asubuhi usoni, huwa natafuta ni nani aliyebeba hema alilolala usiku uliotangulia, na mara nyingi hayumo kwenye picha.

Na hapa lipo jambo moja la Bonatti ambalo nimeliweka hadi sasa. Mchana ule wa tarehe 30 Julai, ilipobidi mtu mmoja mwenye nguvu akubali kupanda na mzigo hadi kambi ya tisa, Mahdi alisitasita, na alikuwa na haki ya kusitasita. Bonatti alimshawishi kwa kumdokezea kwamba huenda naye, Mahdi, akapata nafasi ya kufika kileleni. Haikuwa ahadi kamili, na haikuwa kweli kamili. Mahdi aliinuka akaubeba mzigo kwa sababu ya dokezo hilo. Alipanda akiamini anakwenda kileleni, na akakuta taa inazimwa.

Tunalijua jambo hilo kwa sababu Bonatti mwenyewe aliliandika. Hakuna aliyemlazimisha. Mashahidi wa maneno yale walikuwa wachache, na adui zake wangelitumia, na kweli wangeweza kulitumia vibaya. Mtu mwenye kutafuta kujisafisha tu angeliacha nje, na kesi yake ingekuwa nyepesi zaidi. Yeye alipoudai ukweli wa usiku ule aliudai wote, pamoja na kipande kinachomhusu yeye na mtu aliyekuwa ameketi bega kwa bega naye. Waliohamisha hema walikuwa na nusu karne ya kusema neno moja la namna hiyo, na mmoja wao hakulisema hadi anazikwa.